Kipande cha Vidole Viwili

Sketi ile ilirudi mezani mara ya tatu mwaka uleule. Bibi aliijua kabla hajaikunjua, maana fundi huijua nguo yake kama mama anavyokijua kilio cha mwanawe. Ilikuwa sketi ya shule, ya buluu, imepauka kwa kufuliwa na kuanikwa. Mjukuu aliiweka juu ya cherehani, akageuka kutazama ukuta ulipotundikwa mkasi, kana kwamba mkasi huo ndiyo kwanza anauona.

"Imebana," akasema.

"Ndiyo tabia ya nguo," bibi akajibu. "Ukiifua inarudi, ukiivaa inabana. Lete."

Fundi mwenye akili akishona nguo ya mtoto huacha akiba ndani ya mshono, kitambaa cha vidole viwili au vitatu, ili mtoto akikua na nguo ikue naye. Mwanzoni mwa mwaka bibi aliachia kidole kimoja. Katikati ya mwaka akaachia cha pili. Siku hiyo alipoigeuza sketi ndani nje aliona akiba imebaki nusu ya ukucha. Akaifumua hiyo nusu, akashona pembeni kabisa, mahali ambapo fundi mwingine angesema huu si mshono tena, hii ni sala. Akapiga pasi.

"Haya, mke mwenzangu, chukua," akasema. Lakini moyoni alijua hakuna mara ya nne.

Mjukuu alikuwa na miaka kumi na tano. Alikuja kukaa na bibi alipokuwa na kumi na miwili, mama yake alipopata kazi ya kufua mashuka katika hospitali ya mji mwingine. Alikuwa msichana mnene, wa mashavu ya kucheka, na alikuwa na ulimi wa kuvunja watu mbavu, ila ulimi wenyewe ulifanya kazi ndani ya nyumba tu. Akitoka nje anaufunga. Nje kazi yake ilikuwa moja, kuvuta blauzi. Anaivuta isishike tumbo, anaivuta akisimama, anaivuta akikaa, anaivuta akisalimia. Blauzi zake zote zilikuwa zimelegea pindo la mbele, mahali palepale. Bibi alizishona zikiwa sawa, na dole la mtoto likazipinda. Mambo mengine mtoto hakuambii, lakini nguo yake inakuambia.

Walikaa ghorofa ya nne, juu kabisa, katika jengo lisilo na lifti. Chumba cha kushonea kilikuwa chini, kando ya mlango wa kuingilia, kimepakana na chumba cha kinyozi. Wateja walimwita bibi jina la Bibi Mshono.

Wiki ileile akaja mwalimu wa michezo wa shule ya mjukuu, mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni, amebeba begi lililokatika zipu. Alipokwisha kuonyesha zipu akabaki amesimama.

"Shikamoo tena, mama. Hivi mjukuu wako amepona?"

"Amepona nini?"

"Kifua. Ameniletea barua sita sasa. Kila Alhamisi, siku ya michezo, kifua kinambana. Zimeandikwa na wewe."

Akazitoa. Bibi akavaa miwani. Ziliandikwa kwa herufi kubwa kubwa zilizolala upande, kama zake mwenyewe anapoandika vipimo vya wateja, hata yale makosa yake ya siku zote yalikuwamo, yamenakiliwa kwa ustadi. Bibi aliona kicheko kinamjia, na nyuma ya kicheko uchungu.

"Kifua kinaendelea vizuri, mwalimu," akasema.

Mwalimu akaelewa. Akavuta kigoda. "Mama, wanabadilisha nguo pamoja, chumba kimoja. Kuna wasichana wanamwita Tangi. Nimewakemea. Lakini ukikemea mdomo, macho yanaendelea kusema. Mimi sitaki awe wa kwanza wala wa kumi. Nataka aje tu, atembee hata kwa kuburuta miguu. Muhula umebaki miezi miwili. Akiumaliza amejificha, atajificha na muhula ujao, na mtu akizoea kujificha akiwa na miaka kumi na tano, hata ukija kumwita baadaye haitiki."

"Nipe muda."

"Ninao wa kukupa. Yeye ndiye hana mwingi."

Jumapili mama mtu alipopiga simu, bibi alimweleza kidogo, na mama akapaza sauti. "Mama, mpunguzie chakula! Mwambie ukweli, amenenepa!"

"Ana kioo, anajua," bibi akasema. "Ningekuambia wewe hivyo ulipokuwa na chunusi, ungelala chini ya kitanda mpaka leo." Akabadilisha mazungumzo.

Siku tatu bibi alishona huku anawaza. Wewe uliyepata kulea unajua, mtoto wa umri ule ukimvuta anakaza, ukimsukuma anakaa chini. Inabidi utangulie mwenyewe, ujifanye una safari yako.

Jioni ya siku ya nne, wakila, bibi akasema, "Mke mwenzangu, leo magoti yangu yameniandikia barua."

Mjukuu akashtuka kijiko kikagonga sahani. "Barua? Barua gani?"

"Ya kuacha kazi. Yanasema yamechoka kukaa kwenye cherehani kutwa, yanataka kutembezwa. Sasa ziko zile aproni za kiwanda cha mikate, ng'ambo ya daraja. Nimemwambia mwoka mikate asimtume tena mtu kuzichukua, nitampelekea mwenyewe kila asubuhi. Ila kikapu ni kizito. Mimi nibebe mwili wangu, wewe ubebe kikapu."

"Watu wataniona."

"Saa kumi na moja na nusu alfajiri? Watakaokuona ni paka, na paka hawasomi shule yenu."

Mjukuu akacheka bila kutaka. "Nitavaa nini?"

Hapo ndipo bibi alipokuwa amejiandaa. Akaingia chumbani, akatoka na suruali ya kitambaa cheusi kinachovutika, pana, isiyoshika popote, na pande zote mbili imewekwa mifuko. Mifuko hiyo ilikuwa mirefu ajabu, mkono unazama mpaka karibu na kiwiko.

"Mifuko yote hii ya nini, bibi? Nikaibe kuku?"

"Ya mikono," bibi akasema. "Mikono yako haina pa kukaa."

Msichana akainamisha kichwa. Akaitazama mikono yake. Mmoja ulikuwa umeshika pindo la blauzi.

Basi wakaanza. Siku ya kwanza walichukua muda mrefu kama wa kuvuka jangwa. Magoti ya bibi yalikuwa mabovu kweli, hilo halikuwa hila, na alitembea kwa kuyumba kama kabati linalohamishwa. Mjukuu alikuwa mbele yake hatua tano, kisha kumi, kisha ikambidi asimame amngoje. Bibi alimwona amesimama pale chini ya taa ya barabarani, mikono mifukoni, anatazama nyuma. Huyu mtoto maisha yake yote alikuwa mtu wa kungojewa. Kwa mara ya kwanza akawa yeye anayengoja.

"Twende basi, mzee!"

"Ningoje hapohapo, usinipigie kelele, magoti yanakusikia!"

Mwoka mikate, mwanamume mwenye nyusi nyeupe kwa unga, alipokea aproni safi, akawapa zilizochanika, na juu ya kikapu akaweka mikate midogo miwili ya moto. Mjukuu akarudisha mikono nyuma.

"Kula," bibi akamwambia. "Mkate si mwizi. Tumetembea, tumefika, tumeona njaa. Hiyo ndiyo kazi yake."

Walipofika nyumbani msichana alikuwa anahema kama mvukuto. Akaegemea ukuta wa kinyozi ili avute pumzi, kiganja wazi, na kiganja kilikuwa na unga wa kile kikapu. Halafu zikaja ngazi. Ngazi za jengo lile zilikuwa na vidato sitini na vinane, bibi alikwisha kuvihesabu zamani. Kwenye ghorofa ya pili, mbele ya mlango wa kijani, mjukuu aliinama.

"Nafunga kiatu," akasema.

Alikuwa amevaa ndala.

"Funga vizuri," bibi akasema, naye akaegemea ukuta. "Kiatu kikifunguka ngaziani ni hatari."

Ikawa hivyo kila siku. Na kila siku kinyozi akifungua kazi anatoka nje anapiga kelele, "Jamani, nani huyu anayenipaka unga ukutani? Kiganja kizima! Nifute mara ngapi? Huyu ni mchawi au ni mpishi?" Bibi anakanyaga cherehani, macho kwenye kitambaa. Mjukuu akisikia habari hiyo jioni anacheka mpaka anashika meza.

Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Walizoeana na barabara. Mbwa wa mlinzi wa daraja akaacha kuwabwekea. Mjukuu alianza kumsimulia bibi mambo ya shule wakiwa njiani, na bibi akagundua kuwa ule ulimi wa ndani sasa unatoka nje, ingawa nje kwenyewe bado kulikuwa giza. Lakini Alhamisi ilipofika, bado mwandiko wa bibi ulikuwa unaumwa kifua.

Mwisho wa wiki ya tano bibi aliingia chumba cha kushonea akamkuta mjukuu amesimama nyuma ya pazia la wateja, ule utepe wa kupimia umemzunguka kiuno. Alikuwa anatazama namba. Alilegeza, akakaza, akatazama tena. Kisha akauacha ukadondoka chini.

"Hata kidogo," akasema. "Hata nukta moja, bibi. Wiki tano naamka usiku na paka. Basi. Mimi ndivyo nilivyo. Kesho usiniamshe."

"Mwili una subira yake, mama. Kwanza unapanga ndani, ndipo..."

"Usiniamshe."

Msomaji wangu, bibi alikuwa mwanamke mvumilivu. Alipata kungoja mvua, alipata kungoja mume, alipata kungoja wateja wanaosema narudi sasa hivi. Lakini siku ile subira ilimponyoka, na kila mtu anapoteleza huteleza kwa kazi yake anayoijua. Mpishi hukosea kwa chumvi. Fundi hukosea kwa sindano.

Mjukuu alipokwenda kuoga, bibi aliichukua ile sketi. Akiba haikuwamo, lakini katika kapu la mabaki alikuwa bado na pande la kitambaa kilekile, tangu siku aliyoikata sketi yenyewe. Akakata kipande cha upana wa vidole viwili. Akafumua mshono wa ubavuni, chini ya mfuko ambako jicho halifiki, akakipachika, akashona taratibu kwa mkono ili cherehani isisikike. Akapiga pasi mpaka mstari ukalala. Uongo wa fundi hauna sauti. Alijiambia, ni kumtia moyo tu, akishapata moyo nitakitoa.

Jumatatu asubuhi kukasikika ukelele chumbani.

"Bibi! Bibi njoo! Inazunguka!"

Msichana alikuwa ameshika mkanda wa sketi, anauzungusha kiunoni, macho yamemtoka. "Utepe wako mbovu, bibi! Utupe! Sketi ndiyo inajua!"

Bibi akacheka, lakini kicheko chake kilikuwa na mwiba.

Wiki ile yote mjukuu ndiye aliyemwamsha bibi. Alibeba kikapu kwa mkono mmoja. Alimsalimia mwoka mikate kwa utani. Na Ijumaa, wakivuka daraja, akasema bila kugeuka, "Alhamisi ijayo naenda michezo. Usiandike barua." Halafu akauma ulimi. Bibi akasema, "Mimi siandiki ovyo, karatasi ghali," na wakaendelea kutembea, kila mmoja anajua mwenzake anajua.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya fundi mwongo ni fupi zaidi, maana urefu wake ni wa mshono mmoja.

Jumamosi bibi alikwenda kupima mapazia kwenye nyumba ya mteja. Mjukuu alibaki chini kulinda chumba, na furaha ikamtuma kazi. Aliona amshangaze bibi, kwamba badala ya kungoja, aipunguze sketi mwenyewe, aitie ubavuni ikae vizuri kwa siku ya Alhamisi. Kufumua alijua tangu ana miaka kumi na miwili, ndiyo kazi ya kwanza bibi aliyomfundisha. Akaigeuza ndani nje, akachukua wembe, akafuata uzi.

Bibi aliporudi alimkuta mjukuu amesimama mezani. Sketi ilikuwa juu ya meza, imefunguka ubavu. Kando yake kimelazwa kile kipande, kimenyooshwa vizuri, buluu mpya inayong'aa pembeni ya buluu iliyopauka.

"Hii nini?" mjukuu akauliza.

"Kitambaa."

"Najua ni kitambaa. Umenifundisha vitambaa. Nauliza hii nini."

Bibi akatua mkoba.

"Wale wa shule wananicheka usoni," msichana akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ya juu. "Wewe umenicheka kwa sindano."

"Sikukucheka, mama."

"Ningeenda Alhamisi nimejiona mwembamba! Ningevua sketi mbele yao na kiraka hiki kinang'aa! Na magoti? Magoti nayo umeyashona?"

"Magoti ni ya kweli." Bibi akakaa. "Kuhusu sketi nimekukosea. Sina la kujitetea. Niliogopa utaacha, nikataka kukupa kitu mkononi. Nimekupa uongo. Nisamehe."

Mjukuu akageuka. Akatoka, na bibi akasikia nyayo zake zikipanda ngazi, nzito na za haraka, mpaka mlango ukabamizwa juu.

Jumapili alfajiri bibi alisimama mlangoni mwa chumba cha mjukuu, akaona blanketi limefunika hata kichwa. Akachukua kikapu mwenyewe. Jumatatu vilevile. Jumanne vilevile, akasimama mara saba njiani, na mwoka mikate akauliza, "Leo peke yako tena? Msaidizi wako yuko wapi?" Bibi akasema, "Ananipumzisha." Mkate wa pili aliurudisha nyumbani kila siku, akauweka juu ya meza kwenye sahani iliyofunikwa. Kila siku aliukuta umeliwa, na hilo likampa tumaini dogo. Lakini Alhamisi ilikuwa inakuja, na juu ya kiti sketi ilibaki imefunguka ubavu, hakuna aliyeigusa, na bila sketi mjukuu hakwenda shule.

Jumatano mchana bibi alikuwa na gauni la mteja la kumalizia, na mteja anakuja saa kumi. Kichwa chake hakikuwa mahali pake kwa mawazo. Alipokaa tu kwenye cherehani akagundua hana miwani. Akatoka nje, akaita kuelekea dirisha la juu, "Mjukuu wangu! Miwani!"

Mlango ukafunguka juu. Halafu nyayo. Mjukuu alishuka, amekunja uso, akampa miwani bila neno, akapanda.

Bibi akavaa miwani, akatafuta utepe. Ulikuwa mfukoni mwa gauni lake lingine. "Mjukuu wangu! Samahani! Utepe!"

Nyayo zikashuka. Utepe ukawekwa mezani kwa nguvu. Nyayo zikapanda.

Bibi akanyoosha mkono kuchukua gauni lenyewe la mteja, na kweli gauni alikuwa amelipandisha juu jana kulishonea vifungo. Akaona aibu. Kisha akatoka nje. "Mama! Usikasirike..."

Safari hii mjukuu alishuka kwa kishindo, gauni begani, na maneno yalianza kumtoka kabla hajafika kidato cha mwisho. "Bibi, kwani leo umeamua mimi ndiyo niwe lifti ya jengo hili, miwani nimeleta, utepe nimeleta, sasa gauni, na bado utasahau uzi, utasahau kiti, utanituma nikalete na cherehani uliyoikalia, na mimi nimeapa sisemi na wewe, sasa nitakaaje bila kusema na mtu ambaye kila dakika tano ananiita dirishani kama muuza mboga?"

Kinyozi alichungulia mlangoni kwake, wembe mkononi, na nyuma yake mteja aliyenyolewa nusu kichwa.

"Binti, vuta pumzi," akasema.

"Nimekwisha vuta!"

Msichana akaweka mkono kifuani. Kilikuwa kimetulia.

Bibi alikuwa anahesabu. Kushuka mara tatu, kupanda mara mbili, na hotuba ndefu isiyo na nukta. Zamani msichana huyu akipanda mara moja alikuwa anaongea neno, anapumua, neno, anapumua.

"Umefanya makusudi," mjukuu akasema kwa mashaka. "Ni hila nyingine."

"Haki ya Mungu sikufanya. Nimesahau kwa uzee na kwa mawazo yako."

"Sikuamini."

"Una haki."

Kinyozi alikuwa bado amesimama pale. "Kumbe ni wewe?" akasema, anakitazama kiganja cha msichana pale kifuani kwa makini kama anayetazama picha. "Wewe na kikapu cha unga! Wewe ndiye mwenye kile kiganja! Mimi nimefuta ukuta huu mwezi mzima namlaani mtu nisiyemjua. Sasa wiki ya tatu hii sijafuta. Nikasema mchawi kahama. Imekuwaje, siku hizi huegemei?"

Msichana aliutazama ukuta. Ulikuwa safi. Alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho aliushika, akashindwa. Hakuna aliyekuwa amemwambia aache. Hata yeye hakuwa amejiambia.

Bibi hakutia neno. Alijua akitia neno ataharibu.

Mjukuu akamtupia gauni, akageuka, akaanza kupanda tena. Safari hii alipanda kwa sauti. "Moja, mbili, tatu..." Hesabu ikazunguka kona, ikapungua kwa umbali. Kinyozi akaweka wembe chini. Mteja wake wa nusu kichwa akatoka nje kabisa na taulo shingoni, akauliza, "Tunangoja nini?" Akaambiwa, "Nyamaza, tunangoja sitini na nane."

Dirisha la juu likafunguka kwa nguvu.

"Sitini na nane! Sikusimama!"

"Hata kwenye mlango wa kijani?" bibi akapaza.

"Hata kwenye mlango wa kijani! Na hizi ngazi hukuzishona wewe!"

"Mama, nitazishona vipi, sina sindano ya kutoboa saruji!"

Kule juu kukatoka kicheko, kile cha ndani ya nyumba, kikamwagika barabarani mbele ya watu wote. Mteja wa kinyozi akapiga makofi bila kujua sababu.

Jioni ile mjukuu alishuka na sketi na kile kipande, akaviweka juu ya cherehani. Hakutazama ukuta. Alimtazama bibi.

"Kirudishe."

"Una hakika?"

"Bila hicho sipumui, na kesho nataka kupumua. Lakini ukishone kwa uzi mwekundu. Nijue kiko wapi. Siku ya kukitoa, nitakitoa mwenyewe. Na kisipotoka, basi, nitakuwa nimekijua."

Bibi akatunga uzi mwekundu. Uzi ukapita pembeni, akatunga mara ya pili. Alishona polepole, mjukuu amemsimamia kichwani kama msimamizi wa mtihani, kila mpigo wa sindano unaonekana. Maisha yake yote ya ufundi hakuwahi kushona mshono mbaya kuutazama kama ule, wala mshono aliouona wa haki zaidi.

"Na barua," mjukuu akasema, anacheza na chaki. "Zile barua..."

"Mwandiko ulikuwa mzuri," bibi akasema. "Ila neno 'kifua' mimi nalikosea zaidi ya hapo."

Alhamisi bibi hakushuka kufanya kazi mchana. Alikaa juu, mlango wazi, ameweka kitambaa mapajani, hashoni. Siku zote za Alhamisi mjukuu alikuwa anarudi saa saba, amekwepa. Saa saba ikapita. Saa nane ikapita. Saa tisa bibi akasimama, akakaa. Aliwaza chumba cha kubadilishia nguo, akawaza uzi mwekundu, akajilaumu, akajipa moyo, akajilaumu tena.

Saa kumi akasikia nyayo chini. Akazijua. Akahesabu. Kumi na saba, ghorofa ya kwanza. Thelathini na nne, ghorofa ya pili.

Zikasimama.

Amesimama mlango wa kijani. Wamemfanya nini mwanangu? Akajikokota mpaka kwenye kona ya ngazi, akashika kingo, akatega sikio.

Kulikuwa na mtu anahema kule chini, anahema kweli, kama mvukuto. Lakini hakuwa mjukuu wake. Sauti ya mjukuu ilikuwa nyororo, imetulia, ina utani ndani yake.

"Pumzika hapahapa. Wala usione haya, hapa ndipo mimi nilipokuwa nafunga kiatu."

"Kiatu gani?" sauti ngeni ikauliza kati ya pumzi mbili.

"Ndala." Wakacheka wote wawili, yule mwingine anakohoa. "Leo tumekuwa wa mwisho uwanjani, si ndiyo? Mimi na wewe. Mwalimu ameona, na hatukufa. Wakasema Tangi, nikawaambia tangi lina maji, nyie ndoo tupu. Umeona walivyokosa jibu?"

"Nimeona."

"Basi. Ukishapumua tunapanda, hatuna haraka. Ni thelathini na nne zimebaki. Bibi yangu atakupima."

"Bibi yako atanipima nini?"

"Mifuko."

Bibi akarudi ndani haraka kadiri magoti yalivyomruhusu. Akakaa, akavaa miwani, akachukua kile kitambaa mapajani. Kilikuwa cheusi, kinavutika, na kilitosha suruali moja pana na mifuko yake. Nyayo zikaanza kupanda tena, jozi mbili, moja mbele na moja nyuma, na ile ya mbele kila baada ya hatua chache ilikuwa inangoja.

Akautafuta utepe. Haukuwapo. Aliuacha chini, kwenye cherehani.

"Mjukuu wangu!" akaita. "Samahani!"